Anayetupima Damu Alipwe Haki Yake



Sisi watu wa migodi twajua thamani ya cheti. Hakuna kampuni inayomkabidhi mtu baruti kwa sababu tu anasema anaijua. Basi kwa nini mkono unaotia sindano katika mshipa wa mtoto wetu usiulizwe cheti?

Katika Kongo yetu kuchukua damu ni kazi ya wauguzi na watu wa laboratwari. Aliyepata daraja la A1 alishinda kwanza mtihani wa Serikali, kisha akasoma miaka 3 katika chuo cha ISTM, kama kile cha Lubumbashi. Huko California, Marekani, mwanafunzi asiye na uzoefu hutakiwa saa 40 za darasani, saa 40 za vitendo, na kuchoma mishipa mara 50. Mwaka 2023, mshahara wa kati wa kazi hiyo nchini Marekani ulikuwa dola 41,810 kwa mwaka.

Wetu amesoma zaidi. Je, alipwa nini? Wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Wengine hupewa posho ya hatari tu. Wengine hata hiyo hawaioni, hugawana kidogo kinachotoka katika malipo ya wagonjwa. Hapo ndipo ubaya unapozaliwa: anayekula kwa mfuko wa mgonjwa atautazama mfuko kabla ya mshipa.

Wako wasemao, "Ni kuchoma sindano tu." Si kweli! Kichupa kikiandikwa jina la mwingine, mgonjwa aweza kutiwa damu isiyo ya kundi lake, akafa. Sindano iliyotumika ikimchoma mfanyakazi, UKIMWI au homa ya ini yaweza kumfuata hadi nyumbani.

Hospitali kuu ya jimbo hapa Lubumbashi ina jina la Jason Sendwe, aliyeuawa mwaka 1964. Kabla ya siasa alifanya kazi ya uganga, akiwa msaidizi wa madaktari. Heshima iliyoandikwa ukutani ishuke hadi kwenye bahasha ya mshahara.

Basi tudai mambo mawili pamoja: asiye na cheti asiguse mshipa, na mwenye cheti alipwe na Serikali kila mwezi. La kwanza bila la pili ni dhuluma. La pili bila la kwanza ni hatari.

Ndugu, tukifika hospitali tuulize cheti kwa adabu. Tukikutana na wakubwa, tuulize mshahara kwa sauti.

Karani wa Migodi,
Karavia