Aliyebaki njiani na aliyeua

Tuchukue mfano ambao watu wa Bahi au Manyoni hawatausikia kama hadithi ya mbali. Vijana wanne wanakwenda usiku kuiba ng'ombe. Mmoja anabaki njiani kuangalia nani anakuja; hana hata fimbo. Mwenye mifugo anaamka, anapigwa, anakufa. Kwa Kanuni yetu ya Adhabu, waliokusudia uovu pamoja huweza kubebeshwa pamoja matokeo yaliyotarajiwa, na nia ya kutenda kosa lenye adhabu kubwa kuliko kifungo cha miaka 3 huweza kuhesabiwa kuwa nia ovu ya mauaji. Wote wanne wakitiwa hatiani kwa mauaji, hukumu ni moja: kunyongwa hadi kufa. Jaji hana nafasi ya kupima nani alifanya nini.

Na kwa kuwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, hukumu hiyo imegeuka kifungo cha maisha kisicho na jina. Aliyeingia gerezani na miaka 22 anazeekea humo. Huenda akajifunza kusoma, akabatizwa, akawafundisha wenzake katekisimu. Sheria haina siku ya kumwuliza amekuwa mtu gani.

Sisi tunaolelewa kwa ajili ya upadre tunapaswa kulijua jambo hili, maana Dodoma ina historia nalo. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa hapa Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni adhabu ya kikatili na ya kutweza, lakini ikaiacha ibaki. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, kule Arusha, ilisema kumlazimisha jaji kuitoa ni kuvunja haki ya kuishi. Na ni hapa hapa, Desemba 9, 2017, Rais Magufuli alipowasamehe wafungwa 61 waliohukumiwa kunyongwa. Ilikuwa siku ya furaha. Ila huruma inayosubiri sherehe za Uhuru si utaratibu. Wa 62 je?

Papa Fransisko alibadili namba 2267 ya Katekisimu mwaka 2018, na miaka minne kabla alikwisha kukiita kifungo cha maisha adhabu ya kifo iliyojificha. Anayedhani hayo ni mambo ya Ulaya aende Isanga Jumapili moja.

Wapo waamini watakaouliza: na mjane wa yule mwenye ng'ombe? Wana haki kuuliza. Machozi ya toba ya mfungwa hayamrudishii mumewe, wala hayamlishi. Ndiyo maana hatuombi milango ifunguliwe tu. Tunaomba jaji aruhusiwe kupima kosa la kila mmoja, kisha, baada ya miaka inayojulikana, bodi imtazame mfungwa: isikie askari magereza, padre au shehe anayemhudumia, na familia ya marehemu. Mjane aitwe mapema, alipiwe nauli, asikilizwe hata akisema hapana. Wapo watakaobaki ndani, na iwe hivyo. Bodi ikikataa, iandike kwa nini, na itaje mwaka itakapomtazama tena.