Riwaya ya Bahari na Mirathi ya Mwalimu

Wapo wanaoitetea riwaya ya jasura ya Wilbur Smith, *Monsoon* (1999), kwa hoja kwamba ni burudani tu, haipaswi kupimwa kwa historia. Hoja hiyo ni dhaifu. Kazi iliyojipa jina la pepo za Bahari ya Hindi haina budi kuulizwa pepo hizo ni mali ya nani. Kwa Smith, wenye ukoo, mirathi na ndugu wahasimu ni akina Courtney, Waingereza. Pwani ya Afrika Mashariki ni uwanja wa kuchumia tu.

Malindi yatoa ushahidi mwingine. Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama alipewa hapo rubani, akavuka hadi Calicut kwa muda usiofika mwezi. Kurudi, aling'oa nanga Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Alifika Malindi Januari 1499, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa kiseyeye. Baada ya kuondoka hapo aliichoma merikebu moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Utajiri wa bahari, basi, ulikuwa kwanza ni elimu ya misimu.

Mreno Barros amwita rubani huyo Malemo Cana, Mgujarati. "Malemo" si jina, ni cheo: mwalimu wa chombo. Wanaong'ang'ania kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid wanaliziba pengo kwa jina kubwa. (Nguzo ya da Gama ingali yasimama Malindi.) Pengo hilo ndilo uwanja halali wa mtunzi wa Kiswahili: kumpa mwalimu huyo baba, madeni, na wana wanaogombea mirathi yake.