Picha ya ubongo siyo hukumu!

Wapendwa, samahanini kwa ukimya. Wiki mbili hizi ni testi juu ya testi, bumu nalo halijaingia, hata hela ya bando nimekopa kwa rumeti. Lakini leo lazima niandike, maana nina hasira.

Imeanzia kimbwetani jana jioni. Jamaa yangu mmoja anasoma udaktari, mwaka wa nne, akawa anatueleza jinsi kiharusi kinavyotibiwa siku hizi. Kama mshipa mkubwa wa ubongo umezibwa na bonge la damu, wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa pajani, unapanda mpaka kichwani, wanalinasa bonge na kulivuta nje. Tukabaki midomo wazi. Halafu akamalizia kwa madaha: "Ila kwanza unaangalia picha. Picha ikiwa mbaya huna haja ya kuhangaika, huyo hatapona."

Jamani, nilichemka! Mwaka juzi shangazi yangu alipata kiharusi. Kwake habari ya kuvuta bonge haikuwepo, lakini picha ya CT alipigwa. Mhudumu mmoja akaiinua dirishani, akatuambia: "Eneo kubwa limeshakufa, msitegemee kitu." Basi. Tukamrudisha nyumbani, tukamlaza, tukawa tunamlisha kama mtoto na kuongea mbele yake kana kwamba hayupo. Binamu yangu wa darasa la tatu, ambaye hakuisikia ile hukumu, ndiye peke yake aliyekuwa anamshikisha kijiko ajaribu mwenyewe. Leo shangazi anakula mwenyewe na anafika uani kwa fimbo, ingawa kuongea bado kunamsumbua. Sisemi kijiko ndicho kilichomponya. Nasema sisi watu wazima tulimnyima miezi mitatu ya mazoezi kwa sababu ya picha.

Basi usiku nikaingia kusoma, na niliyoyakuta yamenitia hasira zaidi.

Kuna alama zinaitwa ASPECTS, zilitolewa mwaka 2000 na watafiti wa Calgary, Kanada. Ni kama mtihani: unaanza na 10, na kila sehemu ya ubongo iliyoonekana kuharibika inakukata 1. Mwaka 2015 majaribio makubwa matano yalithibitisha kwamba kuvuta bonge kunasaidia, lakini mengi yake yaliwaacha nje wenye alama za chini. Miongozo ya Marekani nayo ikawapa kipaumbele wenye 6 kwenda juu. Chini ya hapo, kwa miaka mingi, wagonjwa wengi walionekana wameshafeli.

Sasa angalieni mtego ulipo. Mwenye picha mbaya havutwi bonge. Asipovutwa, hapati nafuu. Asipopata nafuu, wanasema: mnaona, picha ilisema kweli! Sisi wa elimu mchezo huu tunaujua. Mwalimu anamtupa mtoto nyuma ya darasa, daftari lake halisahihishwi, mwisho wa mwaka akipata sifuri mwalimu anajisifu kwamba alijua toka Januari. Hukujua bwana, ulisababisha!

Bahati nzuri kuna waliokataa. Mwaka 2022 Wajapani walichapisha jaribio la wagonjwa 203 wenye alama 3 mpaka 5, yaani wale wa kukatiwa tamaa. Baada ya siku 90, waliokuwa wanaweza angalau kutembea bila kushikwa na mtu walikuwa asilimia 31 kwa waliovutwa bonge, na karibu 13 tu kwa wasiovutwa. Mwaka 2023 likaja jaribio la SELECT2, lililofanyika Marekani na nchi nyingine: waliorudi kujitegemea ni asilimia 20 dhidi ya 7. China mwaka huohuo, 30 dhidi ya karibu 12. Hao wote picha zao zilikuwa mbaya!

Na upande wa pili je? Ukijumlisha yale majaribio matano ya 2015, ambayo wengi wao picha zilikuwa nzuri, waliovutwa na wakarudi kujitegemea ni asilimia 46. Yaani zaidi ya nusu hawakufika huko. Umri, sukari, muda uliopotea njiani na mazoezi ya baadaye vyote vina sauti yake. Picha ni shahidi mmoja tu.

Jamaa yangu atasema nawadanganya watu. Hapana. Najua kwamba kwenye SELECT2 karibu wagonjwa wanne katika kila kumi walifariki, kwa pande zote mbili. Najua kwenye majaribio ya Japani na China kuvuja damu ndani ya ubongo kuliongezeka kwa waliovutwa. Familia iambiwe yote hayo. Na picha siichukii: mwaka 2018 majaribio ya DAWN na DEFUSE 3 yalitumia picha kuwapata watu waliochelewa zaidi ya saa sita ambao bado wangesaidika, na wakasaidika kweli. Hapo picha ilifungua mlango. Ninachopinga ni kuigeuza kufuli.

Na kama tatizo ni kwamba vifaa hakuna, wataalamu ni wachache au hela haitoshi, semeni hivyohivyo! "Hatuna uwezo" ni neno chungu, lakini ni la kweli, na linamwachia mgonjwa haki yake ya kuhangaikiwa. "Hatapona" linamzika akiwa anasikia.

Nyie wa udaktari, karibuni kimbwetani kesho jioni tuendelee kubishana, nitakuwepo. Kwa sasa nalala. Saa moja asubuhi nina kipindi cha Upimaji na Tathmini, na safari hii nina maswali ya kumuuliza mwalimu.