Pointi hazilipwi kwa mwili

Wadogo zetu wa Opala mnaosoma Kisangani, kila mwaka wa masomo ukianza wakubwa wanawapa mashauri ileile: msichana avae kwa heshima, asipende makuta, achague bwana mwenye kuogopa Mungu. Sawa. Lakini nani alimwambia afanye nini siku asistenti anamwandikia usiku: «Pointi zako si muzuri, kuya tuongee»?

Sisi tuliomaliza, tunaokaa bila kazi na diploma ndani ya sanduku, tunasema wazi. Kwenye vyuo vya Kongo jambo hilo linaitwa PST, pointi za kuambukizana kwa ngono, na watu wanacheka. Si mapendo hayo, hata akikununulia kredi na kukuita «chérie». Mwenye kushika pointi zako hakuombi, anakuamrisha.

Mama aliuza mihogo na mchele, makuta ikashuka na pirogi kwenye Lomami mpaka Isangi, ikafika mjini, minervali ikalipwa. Msichana akirudi bila diploma juu alikataa mwalimu, kijiji kinasema hakuwa na akili. Ndiyo bei ya ile kicheko.

Sheria iko. Namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamfunga mwenye kutumia mamlaka ya kazi yake ili apate ngono: mwaka 1 mpaka 12 ya jela. Basi tuache hotuba za kitambaa kirefu. Kitambaa hakisahihishi mtihani! Dada, usifute meseji zake. Mtumie rafiki unayemwamini azichunge. Kopi ya mtihani inaangaliwa ofisini, mchana, mkiwa wawili. Ambia shefu wa promosheni (kama si yeye mwenyewe anayewapeleka wasichana kule).

Na ninyi vijana wanaume! Mpenzi wako akisema mwalimu anamsumbua, unauliza kwanza: «Ulimfanya nini?» Kesho yake mnamtungia jina kwenye WhatsApp, na yule mwalimu mnambebea mfuko, «Prof, Prof». Unasema unampenda? Siku ya kuuliza kopi, mshindikize. Simama mlangoni mpaka atoke.

Wakubwa wa vyuo, tunataka kila mwanafunzi aonyeshwe kopi yake, na malalamiko yapokelewe na mtu asiyefundisha kwenye kitivo kile. Tutakuja kuuliza mbele ya sesyo ya pili.