Meli zinazojificha: Rada ya angani inaziona, shida ni itarudi lini

Novemba 2025 Ulaya ilirusha setilaiti ya Sentinel-1D kwa roketi ya Ariane 6. Inapiga picha kwa rada, iwe usiku au mchana, hata mawingu yakitanda.

Lakini wanaofuatilia meli za uvuvi haramu hawakuwa wakisubiri picha kali zaidi. Walikuwa wakisubiri setilaiti ya pili.

Desemba 2021 Sentinel-1B ilipata hitilafu ya umeme na haikupona. Ikabaki Sentinel-1A peke yake, iliyorushwa 2014. Njia iliyokuwa ikipitiwa kila baada ya siku 6 sasa ikawa siku 12. Mbadala, Sentinel-1C, ulipaa Desemba 2024 tu, baada ya roketi ya Vega-C kufeli 2022 na kusimamishwa.

Siku 6 zenyewe si mchezo. Meli inayokwenda kilomita 18 kwa saa ikitoka Dar es Salaam, kwa muda huo inakaribia Durban.

Na meli hizo ni nyingi. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature Januari 2024, uliotumia picha za Sentinel-1, ulikuta takribani robo tatu ya meli kubwa za uvuvi duniani hazionekani kwenye mfumo wa wazi wa AIS, unaotangaza jina na mahali meli ilipo. Nyingi zilikuwa kwenye bahari za Afrika na kusini mwa Asia.

Sentinel-1C na 1D zimebeba kipokezi cha AIS. Rada ikiona chombo na AIS iko kimya, hapo kuna la kuuliza.

Kikwazo kingine ni umeme. Rada inaula kwelikweli, hivyo kila mzunguko wa dakika kama 99, Sentinel-1 inaweza kupiga picha zake pana kwa takribani dakika 25 tu. Pwani hupewa kipaumbele. Bahari kuu mara nyingi inarukwa.

Kampuni ya ICEYE ya Finland imekwenda njia tofauti: setilaiti ndogo, nyingi. Ya kwanza, ya Januari 2018, haikufika kilo 100, wakati Sentinel-1 inapita kilo 2,000. Zinarudi haraka, ila picha zake kali hufunika eneo dogo. Lazima ujue kwanza pa kuielekeza, halafu ulipe. Za Sentinel ni bure kwa yeyote mwenye intaneti.