Katibu, Mtunza Muda na Riwaya Isiyosomwa

Kuna imani iliyoota mizizi katika ofisi za walimu, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River hapa mkoani Arusha, kwamba kikundi cha majadiliano ya fasihi hakiendi bila vyeo. Mwalimu huwagawa wanafunzi sita sita, kisha hutangaza: huyu mwenyekiti, huyu katibu, huyu mtunza muda, huyu mwasilishaji. Waliopitia semina huongeza: wewe tafuta tamathali za semi, wewe wahusika, wewe mandhari. Inaaminika kwamba hivyo kila mtoto atashiriki. Sikubali. Vyeo hivyo vinagawa kazi ya kuandika tu, na vinamwondolea mtoto sababu ya kusoma.

Chukua Takadini ya Ben Hanson, riwaya iliyosomwa kwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, na mila za kijiji zinataka mtoto huyo auawe. Mama anatoroka naye. Katika nchi yetu ya Tanzania, ambamo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa, hadithi hiyo ilipaswa kuzua ubishi wa kutikisa darasa. Kwa nini anayekimbia ni mama peke yake? Majirani wanaokaa kimya wana hatia gani? Wewe ungemficha? Lakini aliyepewa tamathali anapekua kurasa akisaka tashibiha. Zikifika tano, kazi imekwisha. Aliyepewa wahusika ananakili kutoka kwenye kitini alichonunua steshenari: Sekai ni jasiri, ana huruma, ni mlezi bora. Mtunza muda anatazama saa. Kipindi kinaisha, na hakuna aliyebishana na mwenzake hata mara moja.

Vyeo vyenyewe haviangukii watu kwa bahati. Mwenyekiti mara nyingi ni mvulana mwenye sauti. Katibu ni msichana mwenye mwandiko mzuri, naye anamaliza dakika 40 akiandika mawazo ya wengine huku yake yakibaki kichwani. Mtunza muda ni yule mpole anayeogopa kuchekwa. Cheo kinampa ruhusa ya kunyamaza, na mwalimu anaandika kwamba ameshiriki. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mtoto huyo ndiye hasa tuliyedai tunamsaidia.

Mmarekani Harvey Daniels wa Chicago, ambaye kitabu chake cha 1994 kilieneza makundi ya kusoma yenye majukumu, alizikusudia karatasi za kumwelekeza kila mwanafunzi jukumu lake ziwe msaada wa kuanzia tu. Katika toleo la 2002 alionya kwamba zimewafanya wanafunzi wazungumze kama mashine. Mwenye mbinu amekwisha kurudi nyuma. Sisi bado tunaifundisha semina baada ya semina.

Tena hapa chini ya Mlima Meru hatukuhitaji kuazima somo la kujadiliana. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1963, alieleza jinsi Waarusha walivyomaliza migogoro kwa mazungumzo ya wazi, bila hakimu, mpaka pande zote zielewane. Laigwanani alikuwa msemaji wa rika, ndiyo, lakini rika lilimjua kwa maneno yake kabla ya kumpa nafasi hiyo. Hakuteuliwa dakika mbili kabla ya kikao kwa kunyooshewa kidole.

Walimu wenzangu watanijibu kwamba darasa lina wanafunzi sabini na vitabu vichache, na bila vyeo itakuwa kelele. Hofu hiyo naielewa. Ila uhaba wa vitabu unazidi kunipa sababu. Nakala moja ya watu sita, kila mmoja akiifungua kusaka kipengele chake, haisomwi na yeyote. Na Baraza la Mitihani humhoji mtahiniwa mmoja mmoja juu ya kitabu kizima. Katika chumba cha mtihani hakuna katibu wa kumwazima daftari.

Basi sura isomwe kwa sauti, kwa kupokezana. Kila mwanafunzi aandike peke yake sentensi mbili kuhusu tendo la mhusika asilokubaliana nalo, na mjadala uanzie kwenye sentensi hizo. Kelele zikitokea, mwalimu asogee asikilize zinahusu nini. Mwasilishaji apatikane kwa kura mwishoni, mjadala ukiwa umekwisha, ili wote sita walazimike kuusikiliza wakiwa hawajui nani ataitwa mbele.