PROSESA AU KUMBUKUMBU: KIPI KITANGULIE?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotugawanya katika Chama cha Kompyuta muhula uliopita. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo machoni pa watu wasiocheza michezo ya kompyuta. Lakini nusura lipoteze fedha za watu, na lilinifundisha mimi, niliye mkubwa katika chama, somo ambalo sikulipata darasani. Nasadiki kwamba wenzangu, na hata wanafunzi wa zamani wanaotusaidia, watafaidika nalo.

Wasomaji wengi wanaijua kompyuta yetu. Tuliiunda kwa mikono yetu wenyewe mwaka 2024, kipande kwa kipande, kwa vifaa vilivyokwisha kutumika ambavyo tulivinunua Kampala kwa fedha tulizochanga wakati wa likizo. Prosesa yake ni Ryzen 3 3200G, yenye viini vinne. Kumbukumbu yake ilikuwa kijiti kimoja tu cha gigabaiti 8. Kadi ya picha haina, maana fedha ziliisha; prosesa yenyewe ndiyo inayochora picha. Kila Jumamosi, kazi za usafi zikiisha, twaruhusiwa saa mbili za mchezo. Wengine hujenga miji katika Cities: Skylines, mchezo uliotungwa Ufini na kutolewa mwaka 2015. Wengine huongoza majeshi ya kale katika Age of Empires II, toleo la mwaka 2019.

Muhula uliopita mwanafunzi wa zamani mmoja alituletea shilingi 450,000 ili tuiongezee kompyuta nguvu. Tukaitisha mkutano. Mimi nikasimama wa kwanza, nikasema bila kusita kwamba yafaa tununue prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye viini sita, ambayo bei yake tuliambiwa ni shilingi 440,000. Nilizungumza kwa maneno mengi na wengi wakanipigia makofi. Lakini leo nitasema kweli. Sababu yangu kubwa haikuwa mchezo. Tulipotembelea shule jirani nilikuwa nimeona kompyuta yao yenye viini sita, na nilirudi na wivu moyoni.

Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akainua mkono. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amekuwa akipima mashine kwa Jumamosi sita, na kwamba kwa maoni yake tununue kumbukumbu kwanza. Sikumwacha amalize. Nilimwambia, "Keti, mdogo wangu. Wewe umeshika kibodi juzi tu." Watu wakacheka, naye akaketi. Kura zikapigwa, upande wangu ukapata 17 na upande wa kumbukumbu ukapata 9.

Mwalimu mlezi wa chama hakusema neno katika mkutano. Jioni aliniita, akanipa daftari la yule kijana, akasema, "Soma kwanza, kisha uniambie kama Jumamosi niende Kampala." Nikaenda nalo bwenini.

Kabla ya kueleza nililoliona humo, yafaa niwaeleze wasiojua tofauti ya vitu hivi viwili. Fikirini jiko letu la shule. Prosesa ni mpishi. Kumbukumbu ni meza anayokatia kabeji na kupangia vyombo. Diski ni stoo iliyo ng'ambo ya ua. Mpishi hodari mwenye meza ndogo atakata kabeji mbili, kisha arudishe kisu, aende stoo, alete vitunguu, aondoe kabeji apate mahali pa vitunguu, na posho itaungua wakati yuko njiani. Kadhalika meza kubwa kama ukumbi haitamsaidia mpishi mvivu. Kwa hiyo swali la "kipi bora, mpishi au meza?" halina maana mpaka mtu aingie jikoni atazame kazi inakwama wapi.

Na safari ya stoo ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Tuseme kuchukua kitu katika kumbukumbu kunachukua sekunde moja. Kwa kipimo hicho hicho, kukichukua katika diski ya SSD kama yetu kunachukua dakika 16 na zaidi, maana diski hiyo ni nzito yapata mara 1,000. Katika diski ya kizamani yenye sahani izungukayo ni yapata mara 100,000, yaani zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana kumbukumbu ikijaa mchezo haupungui kasi kidogo kidogo, bali hukwama ghafula, kisha huruka, kisha hukwama tena.

Sasa turudi kwenye daftari. Kijana alikuwa amebonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ambavyo katika Windows hufungua dirisha la kuonyesha kazi za mashine, akaandika alichokiona kila baada ya dakika tano. Ukurasa wa kwanza ulionyesha kwamba gigabaiti zetu 8 si 8. Kwa kuwa hatuna kadi ya picha, gigabaiti 2 zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya kuchora picha. Mchezo na Windows viligawana 5.9 tu. Katika Cities: Skylines, mji ukifika wakazi elfu ishirini, kumbukumbu ilisimama kwenye 5.7, diski ikawa haipumziki, na prosesa ikawa kwenye asilimia 60 tu. Mpishi alikuwa anangoja meza. Picha zilikuwa 13 kwa sekunde.

Katika Age of Empires II habari ilikuwa nyingine. Kumbukumbu haikujaa. Prosesa kwa jumla ilionyesha asilimia 40, nami ningesema kwamba imepumzika. Lakini kijana alikuwa amefungua mchoro wa kila kiini peke yake. Kiini kimoja kilikuwa kwenye asilimia 100 na vingine karibu vimelala. Maana yake ni kwamba vita vikiwa vikubwa mchezo ule huweka mzigo mwingi juu ya kiini kimoja. Hapo viini sita havifai kitu kwa kuwa ni sita. Kinachofaa ni kiini kimoja chenye kasi zaidi. Mimi niliyejigamba kwa hesabu ya viini sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja.

Ukurasa wa mwisho ndio ulionifanya nikose usingizi. Kijana aliandika kwa kalamu nyekundu: "Ryzen 5 5600 haichori picha. Sisi hatuna kadi." Nikatafuta habari kesho yake, nikakuta ni kweli tupu. Prosesa yetu ya 3200G ina sehemu ya kuchora picha ndani yake. Ile 5600 haina. Humtaka mwenye nayo awe na kadi ya picha. Iliyo na sehemu hiyo ni 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Kama mwalimu angalikwenda Kampala kwa kura zangu 17, tungalirudi na prosesa nzuri, tukaifunga, tukawasha umeme, tukatazama kioo cheusi. Na shilingi 440,000 za mtu aliyetuamini zingalikuwa zimekwisha.

Wako waliosema baadaye, "Basi tununue hiyo 5600G." Nawajibu hivi. Prosesa inayochora picha yenyewe huteka data zote kutoka kumbukumbu ile ile ya mashine. Kijiti kimoja cha aina yetu, DDR4 ya 2666, hupitisha yapata gigabaiti 21 kwa sekunde. Vijiti viwili vinavyofanana, vikiwekwa katika njia mbili za ubao mama, hupitisha yapata 42. Mwenye kijiti kimoja ni kama mwenye bomba moja kwa mabweni mawili. Ukimleta mtu mwenye kiu zaidi bila kuongeza bomba, foleni itazidi. Kwa hiyo hata 5600G ingalikaa na njaa katika mashine yetu.

Wako pia waliosema kwamba huu si wakati wa kununua kumbukumbu, kwa kuwa bei yake ilipanda sana tangu mwisho wa mwaka 2025. Hoja hii ni ya haki na siwezi kuidharau. Viwanda vitatu vikubwa vya chipu za kumbukumbu, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwa majumba ya kompyuta za akili bandia, ambako kuna faida zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida vijiti vyake vya jina la Crucial. Mnunuzi mdogo kama sisi ndiye aliyeumia. Lakini bei kupanda hakuondoi ugonjwa. Maharagwe yakipanda bei hatuendi kununua sabuni tukala. Linalotupasa ni kununua kiasi kinachotosha na kuacha kujigamba. Si lazima kununua vijiti viwili vipya vya gigabaiti 16. Chatosha kutafuta kijiti kimoja kinachofanana na kilichopo.

Nikamrudia mwalimu, nikamwomba aitishe mkutano mwingine. Nikasoma daftari lote mbele ya chama, nikataja ni la nani. Kura zikageuka. Tulinunua kijiti kimoja cha gigabaiti 8 kilichokwisha kutumika, kwa shilingi 180,000. Shilingi 270,000 ziko kwa mwalimu, zikingoja 5600G.

Matokeo nitayasema bila kuyatia chumvi. Katika Cities: Skylines picha zilitoka 13 zikafika 23 kwa sekunde, na kule kukwama kukaisha. Katika Age of Empires II vita vidogo vilikwenda vizuri zaidi, lakini vita vikubwa vinasuasua kama zamani, maana kiini ni kile kile. Wapenzi wa mchezo huo wananung'unika, nao wana haki ya kunung'unika. Katika zamu 40 zilizoandikwa daftarini, 27 zilikuwa za wajenzi wa miji na 13 za majemadari. Tuliwatibu wengi kwanza, kwa fedha kidogo, na zamu ya wachache inakuja.

Basi maoni yangu ni haya. Mwenye gigabaiti 8 katika kijiti kimoja, hasa kama hana kadi ya picha, aanze na kumbukumbu. Mwenye gigabaiti 16 katika vijiti viwili, akiona kiini kimoja kimejaa na kumbukumbu ina nafasi, anunue prosesa. Mwenye kadi ya picha iliyo kwenye asilimia 99 wakati wote asinunue chochote katika hivyo viwili, maana kazi yake inakwama kwenye kadi. Na kabla ya kutoa hata senti, atazame katika mipangilio ya ubao mama kama vijiti vyake vinakwenda kwa kasi iliyoandikwa juu yake. Vingi huanza kwa kasi ya chini mpaka mtu avifungulie, na kuvifungulia ni bure.

Kwa wanafunzi wa zamani nina ombi moja, nalisema kwa heshima. Mkipenda kutusaidia, msitununulie kifaa kabla ya kutuuliza. Ubao wetu ni wa soketi ya AM4, yenye matundu 1,331. Prosesa mpya za AM5, zilizoanza kuuzwa mwaka 2022, zina sehemu 1,718 za kugusana na hutaka kumbukumbu ya DDR5. Haziingii hata kwa nyundo, wala kijiti cha DDR5 hakiingii mahali pa DDR4. Tuulizeni vipimo viko wapi. Kama hatuna vipimo, msitupe fedha mpaka tuwe navyo.

Nimebakiza muhula mmoja katika shule hii. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulikuwa na daftari lakini karibu tuipoteze mali, kwa sababu mwenye daftari alikuwa mdogo na mwenye sauti nilikuwa mimi. Tumezoea kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini nimeona kwamba mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika guu vile vile, tena huwavunja na wenzake.

Kijana yule nilimwomba radhi faraghani, lakini nilimwaibisha hadharani, na haki yake ni kuombwa radhi hadharani. Kwa hiyo namwomba radhi hapa, mbele ya shule nzima na mbele ya waliotutangulia. Muhula ujao yeye ndiye atakayeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta. Zile shilingi 270,000 zikitafutiwa kazi, aulizwe yeye.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita